Mtoto kapata mkataba wa AIRR? Soma kwanza kabla hujatangaza kwenye grupu la ukoo

Naandikia wazazi wenzangu huku Marekani, wale ambao mtoto karudi na makaratasi ya Navy, jeshi la majini, anasema anataka AIRR, yani kuwa muogeleaji wa uokoaji, wale wanaoruka kutoka kwenye helikopta wanaenda kumtoa mtu baharini. Wa kwangu kashapita huko, saa hizi yuko kikosini San Diego, na makosa mengi niliyafanya mimi sio yeye.

Mjue tu kwamba mimi maji nayaogopa. 1996 nilikuwa mwanafunzi wa msingi Mwanza MV Bukoba ilipozama, na watu wazima walikuwa wanasimulia mbele yetu kuhusu waliokuwa wanagonga bodi kutokea ndani, basi tangu hapo maji kwangu ni ya kwenye ndoo. Halafu mtoto wako anakwambia atalipwa kwa kuruka baharini usiku.

Kwanza uraia. Grinkadi inamuingiza mtoto Navy vizuri tu ila kazi hii wanataka raia, kwasababu kuna kibali cha usalama. Kama mzazi uliapa uraia mtoto hajafika 18, ana grinkadi na unaishi naye, inawezekana keshakuwa raia kwa sheria iliyoanza kutumika 2001, so mtafutieni pasipoti mapema. Na rikruta, yule anayeandikisha vijana jeshini, akisema "ataingia tu hapo mbele ya safari" mwambieni aandike AIRR kwenye mkataba, maneno ya mdomo waachieni wenye maneno.

Mtihani wa kuingilia wanaogelea yadi 500 ndani ya dakika 12, wanapiga pushapu, wanajivuta juu kwenye chuma, wanakimbia maili moja na nusu. Hicho ni kiwango cha kupita getini tu, mtoto anayepita kwa sekunde mbili ataumia mbele. Hapa mzazi una kazi moja kubwa kuliko kumpikia mayai: asifanye mazoezi ya kubana pumzi peke yake, hata mara moja. Vijana wanapumua harakaharaka kwanza ili wakae chini muda mrefu, mwili unachelewa kupiga kengele na mtu anazimia huko chini kimyakimya. Mimi nilikuwa natoka shifti ya usiku nasingi homu naenda kukaa kwenye benchi pale bwawani na yunifomu yangu, siwezi kumtoa hata paka kwenye maji lakini laifugadi namfata namwambia, yule pale ni wangu, mwangalie.

Great Lakes kule Illinois ni mafunzo ya kawaida ya kuruta, karibu wiki tisa. Simu hana. Siku za mwanzo mtaletewa boksi lenye nguo alizoondoka nazo, jiandaeni maana mimi nilivyoliona nilikaa chini kwenye korido kama nimeletewa msiba. Andikeni barua za karatasi. Ya kwangu ya kwanza ilijaa "usituangushe, ukoo mzima unakuangalia", alikuja kuniambia baadae aliisoma mara moja akaificha. Aliyoisoma mpaka ikachakaa ni ile nilimwandikia jirani kaunguza maharage mpaka zimamoto wakaja.

Pensacola Florida ndo kwenyewe. Wanaanza na shule ya wanaofanya kazi ndani ya ndege, ndo baadae shule ya waogeleaji. Umbali sio unaowatoa watu. Mkufunzi anajifanya anazama, anamkaba mtoto shingo anamzamisha, na mtoto anatakiwa ashuke nae chini kwanza, ajinasue, amgeuze amkokote. Akili yote inakwambia panda juu wewe unashuka. 1988 kijana alifariki kwenye mafunzo hayo hayo, baada ya hapo ukawekwa utaratibu kwamba mwanafunzi akihisi hatari anaomba zoezi lisimame. Mwambieni mtoto autumie, asione haya.

Sasa kosa langu. Nilitangaza kwenye grupu la ukoo kwamba anamaliza mwezi ujao, mashangazi wakamwaga vigelegele, mjomba akaanza kumuita kamanda. Wiki ile ile bega likaumia, akarudishwa aanze na darasa linalofata. Kila siku mesenji, "vipi kamanda kamaliza?" Usiku mmoja akapiga, "mama shikamoo", halafu kimya. Nikajua. Kuna kitu wanaita DOR, yani unaomba mwenyewe kutoka, na ukitoka hurudi nyumbani, mkataba unaendelea unapelekwa wanapokuhitaji wao. Mimi kwa kiwewe nikamwambia vumilia usitutie aibu. Akasema sawa mama, akakata.

Baada ya dakika ishirini nikampigia. Nikamuuliza umekula? Hajala. Nikamwambia kula ulale, usiamue usiku, na ukitoka likizo utakuja kula pilau hapa hapa na sahani yako ile ile. Akasema, mama mimi sikutaka kutoka, nilitaka nilie kidogo tu. Grupu nililifunga mdomo siku hiyo, niliwaambia mkitaka habari zake niulizeni mimi na mimi sitawajibu.

La mwisho, msiba. Ukitokea, habari zinapelekwa jeshini kupitia Red Cross, wanathibitisha kisha wanamfikia kamanda wake. Ila wao familia ya karibu wanavyoihesabu sio kama sisi, bibi ni lazima awe alimlea mtoto ndo ahesabike, kwahiyo usimuahidi kwamba ataruhusiwa. Mama yangu alifariki Sengerema mtoto akiwa amebakiza siku chache za mitihani, nikamficha, nikamwambia siku aliyomaliza. Hakunigombeza. Lakini mpaka leo nikimpigia, kabla hata ya salamu ananiuliza mama, kuna mtu kafa?