Kabla hujapima mishahara kwa kabila, tafuta daftari la vibarua

Nimewahi kuandaa mishahara katika kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Manung'uniko yalipozidi kwamba watu wa kwao meneja ndio wanaokula vizuri, bosi aliniita: "Niletee hesabu, siyo maneno."

Nikaanza vibaya. Nilichukua orodha nikagawa watu kwa majina: huyu Msukuma, huyu Mhaya, huyu Mjita. Mama mmoja wa kukata minofu nilimwandika Mhaya kwa jina la mumewe. Alicheka sana. "Mwanangu, mimi Mkerewe wa Nansio!" Usikisie. Muulize mtu mwenyewe, mweleze unataka kujua kwa nini, na asiyependa kusema aachwe. Karatasi hizo zifungie kabatini. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Wastani nao utakudanganya. Wanne wakipata 300,000 na mmoja 3,000,000, wastani ni 840,000, pesa ambayo hakuna hata mmoja wao anayeipata. Wapange kuanzia wa chini hadi wa juu, umtazame wa katikati. Na kabila lenye watu watatu usilitangaze peke yake, maana kila mtu atajua mshahara wa nani ni upi. Mwongozo wa serikali ya Uingereza wa 2023 nao unaonya kuhusu makundi madogo.

Nilipomaliza, wakata minofu wote walilingana, shilingi kwa shilingi. Nikakaribia kuandika "hakuna tatizo". Yule mama ndiye aliyeniuliza: "Na sisi tuliokuwa tunasimama getini miaka miwili, tumo humo?" Hawakuwamo. Vibarua walilipwa kwa daftari la msimamizi, mkononi, jioni. Nililiomba, nikapewa siku ya nne, baada ya kuzungushwa. Humo ndimo mlimokuwa na pengo: wa kwao msimamizi waliitwa karibu kila alfajiri, na ndio waliopewa mikataba mapema. Wengine walipata siku mbili tatu kwa wiki. Malipo ya siku ni yaleyale, ila siku zenyewe hazikugawanywa sawa.

Kwenye ripoti sikumtaja mtu. Niliweka idadi ya siku, muda wa kusubiri mkataba, na kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kinachokataza ubaguzi wa kabila. Bosi alisoma kimya. Jumamosi iliyofuata daftari lilikuwa mezani kwangu.