"Nilijua umeondoka": mtaani sawa, kwenye insha ya falsafa je?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza chuo, tunasoma utangulizi wa falsafa. Tumefundishwa kwamba huwezi kujua kitu ambacho sio kweli. Lakini mtaani kila siku tunasema "nilijua umeshaondoka" kumbe mtu yupo ndani. Sasa Kiswahili chetu kina makosa au falsafa ndo haituelewi? Na kwenye insha niandike neno gani?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kiswahili cha mtaani hakina kosa na mwalimu wako pia yuko sahihi, ila "kujua" ya mtaani na ya darasani zimeachana kidogo, na ukizichanganya kwenye insha utajikuta unatetea kitu ambacho hukukusudia kabisa.

Sikiliza watu wanavyoongea. Mtoto katoroka yuko kijiweni, mwenzie anamwambia "mama yako anajua uko shule". Hakuna anayeshangaa, wote wanaelewa kwamba mama ndo anavyoamini na ukweli uko kwingine. Ila jaribu kusema mwenyewe, "mi najua uko shule lakini hauko shule". Haiendi. Yaani tunaruhusu kujua kusiko kweli kwa mtu mwingine, au kwetu wenyewe kwa habari za nyuma, na mara nyingi "kumbe" iko karibu inasahihisha, lakini anayesema sasa hivi kwa kinywa chake "najua" huyo ameshadhamini kwamba ndivyo ilivyo. Hiyo "najua" ya mwenye kudhamini ndo wanafalsafa wanayohangaika nayo.

Wamehangaika nayo siku nyingi. Mwanafalsafa Plato wa Athens, karne ya 4 kabla ya Kristo, kwenye mazungumzo yake yanayoitwa Theaetetus, anamleta mwalimu wake Socrates akimhoji kijana mmoja wa hesabu mpaka wanafika kwenye mfano wa mahakamani: waamuzi wanashawishiwa na msemaji hodari juu ya tukio ambalo wao hawakulishuhudia, na ikatokea wameamua sawasawa. Wameamini kitu cha kweli. Je, walijua? Socrates anaona hapana. Hapo ndo linaletwa wazo kwamba kujua ni kuamini kitu cha kweli na uwe na maelezo ya kukitegemeza, ingawa mazungumzo yenyewe yanaisha bila hata hilo kukubalika.

Hapa angalia sana nomino. Ukiandika maarifa ni "imani ya kweli yenye uthibitisho", msomaji wa Kiswahili anawaza msikiti na kanisa, au anawaza huruma, maana mtu katili tunasema hana imani. Mi ningekushauri ubaki na kitenzi, "kuamini kwamba", hakimvuti msomaji huko. "Kudhani" nayo iache, ina harufu ya wasiwasi, ukisema "nilidhani" watu wanajua tayari kwamba ulikosea, wakati kuamini kunakozungumzwa hapa kunaweza kuwa kweli au uongo.

Halafu mwaka 1963 Edmund Gettier, mwanafalsafa Mmarekani, akatoa makala ya kurasa tatu tu kwenye jarida la Analysis. Smith na Jones wameomba kazi moja. Smith ana sababu nzuri za kuamini Jones ndo ataipata, na amehesabu sarafu kumi mfukoni mwa Jones, kwahiyo anahitimisha kwamba atakayepata kazi ana sarafu kumi mfukoni. Kazi anaipata Smith mwenyewe, na bila kujijua na yeye alikuwa na sarafu kumi. Alichoamini ni kweli na sababu alikuwa nazo, je alijua? Gettier anasema hapana, na wengi wanamkubali. Huwezi kusema Smith alibahatisha, kubahatisha ni kurusha jibu bila msingi na yeye alikuwa na msingi, ila kilichomfikisha kwenye ukweli ni bahati. Kwenye insha yaeleze yote mawili hivyohivyo, usiyafupishe kwa neno moja.

Lakini mahali ambapo neno hili linaniuma zaidi ni kwenye maadili. William Clifford, mwanahisabati wa Uingereza, mwaka 1877 alitoa mfano wa mwenye meli aliyekuwa anasafirisha wahamiaji. Meli ni kuukuu, imetengenezwa mara nyingi, watu wamemtia wasiwasi, na yeye akajituliza kwamba imeshavuka safari nyingi salama na Mungu atawalinda abiria. Akaiaga kwa moyo mweupe. Ikazama katikati ya bahari, akachukua hela ya bima. Clifford anasema ana hatia ya vifo vile hata kama aliamini kwa dhati, kwasababu hakuwa na haki ya kuamini kwa ushahidi aliokuwa nao, na hata meli ingefika salama hatia ingekuwa ileile, isingegundulika tu. (William James, mwanafalsafa wa Marekani, alimjibu mwaka 1896 kwamba yapo mambo ambayo ushahidi hauwezi kuamua na bado lazima uchague. Muweke kwenye insha, anastahili.)

Sasa huyo mwenye meli ukimwandikia "alijua meli ni nzima" kwa mtindo wa mtaani, umeshamsamehe nusu. Ni kama dereva anayesema "nilijua breki ziko sawa" baada ya watu kuumia: haonyeshi kama alikagua au hakukagua, na swali zima la Clifford liko hapo kwenye kukagua. Andika "alijiaminisha". Kitenzi hicho kinabeba kazi aliyoifanya mwenyewe ndani ya moyo wake mpaka wasiwasi ukaisha. Usiandike "alijiamini", hiyo ni kutokuwa na woga, na Clifford hamshtaki mtu kwa ujasiri.

Kwa mama na mtoto wa kijiweni endelea kusema "anajua". Kwenye insha andika "anaamini".