Homa ya Uti wa Mgongo: Kwa Nini Kaskazini Kuliko Nairobi?

Daktari, mume wangu huendesha lori hadi Sudan Kusini. Mbona ugonjwa huu husikika huko kuliko kwetu? (Mama Brayo, Kayole)

Sudan Kusini imo katika ukanda wa homa ya uti wa mgongo, unaoanzia Senegal hadi Ethiopia. Bakteria aitwaye meningokoki hukaa kooni mwa watu wengi bila kuwadhuru. Kati ya Desemba na Juni, hewa kavu na vumbi huchubua koo, naye hupata njia ya kuingia kwenye damu. Mvua zikinyesha, mlipuko hutulia. Mwaka 1996 na 1997 ukanda huo ulipata wagonjwa zaidi ya 250,000, na takriban 25,000 wakafa. Mumeo achanjwe chanjo ya ACWY, inayokinga dhidi ya makundi manne ya meningokoki (A, C, W na Y), kabla ya kusafiri, tafadhali.

Basi sisi wa Nairobi tuko salama? (Msomaji, Mathare)

La. Mwaka 1989 meningokoki wa kundi A alilipuka papa hapa jijini. Tena kuna viini vingine vya ugonjwa huu visivyongoja kiangazi: nimokoki (bakteria mwingine), virusi, kifua kikuu, na kuvu ambayo huwashika hasa wanaoishi na VVU bila kutumia dawa.

Mtoto wangu alimaliza chanjo za kliniki. Hii imo? (Baba Wanjiru, Kasarani)

Kwa sehemu. Anakingwa dhidi ya Hib (bakteria mwingine aletaye ugonjwa huu) na nimokoki, kwa chanjo zilizoanza kutolewa nchini mwaka 2001 na 2011. Meningokoki hayumo.

Ni kweli chanjo imeumaliza ugonjwa huu huko Afrika Magharibi? (Mwanafunzi, Juja)

Kundi A karibu limetoweka, tangu MenAfriVac, chanjo ya kundi hilo, ilipoanza kutolewa kwa kampeni kubwa Burkina Faso mwaka 2010. Kwangu hiyo ni miongoni mwa kazi njema kabisa za afya Afrika. Lakini makundi C, W na X bado yanaua, ndiyo maana Nigeria mwaka 2024 ikawa nchi ya kwanza kuanza chanjo ya makundi matano.

Nitaitofautishaje na malaria? (Shosho, Kawangware)

Nyumbani huwezi, shosho. Dalili za homa ya uti wa mgongo ni homa kali, kichwa kuuma sana, kutapika, shingo kukakamaa, kuchukia mwanga. Kwa mtoto mchanga shingo huenda isikakamae: angalia utosi uliofura, kulia kusikotulia, kukataa kunyonya. Usimpe mgonjwa dawa za duka ukangoja asubuhi. Mpeleke hospitali usiku huohuo.