Jibu: Niko mwaka wa 3 uhandisi wa mekanika, niongeze digrii ya pili ya umeme?

Mkuu, kwa ulivyosema shida yako ni kutaka kuingia kwenye roboti, mi naona digrii ya pili nzima ya umeme ni kujichosha bure, maana hata wakikuhamishia masomo ya hesabu na fizikia uliyokwisha soma bado utakaa darasani miaka kama miwili hivi ukisoma mambo ya nguvu za umeme, transfoma sijui nini, ambayo huyahitaji. Chukua spesheli ya mekatroniki (mchanganyiko wa mekanika, umeme na kompyuta) humo humo ulipo, kozi chache tu: saketi, mifumo ya udhibiti, sensa, na programu za maikrokontrola (kichipu kinachoendesha mashine). Ukiona bado una njaa nenda masta, hiyo inakupeleka ndani zaidi kuliko kuanza bachela upya.

Ila kama unataka leseni ya uhandisi wa umeme kabisa, hapo ni habari nyingine. Makubaliano ya Washington ya 1989, yale ya nchi kutambuliana digrii za uhandisi, kwa kawaida yanatambua digrii ya kwanza iliyoidhinishwa, sio masta, kwa hiyo ulizia bodi ya usajili kwanza kabla hujalipa ada. Na wewe hesabu za udhibiti unaziweza lakini? Laplace, ile mbinu ya kutatua milinganyo ya udhibiti, imewatoa watu jasho humo.