Gazeti likiingilia msiba wako, andika tarehe kwanza

Kaka yangu alipofariki kwa ajali ya barabarani hapa London, hata tanga hatujaanua, gazeti moja lilichapisha picha yake akiwa amempakata binti yake, pamoja na maneno ambayo niliamini yalisemwa ndani ya familia peke yake. Nilimpigia simu mdogo wangu wa kike, nikamshutumu kwamba ametuuza. Miezi kadhaa ilipita hatusemezani, mpaka tulipogundua kuwa picha na maneno hayo yalinakiliwa kwenye ukurasa wa Facebook wa binamu yetu, ambao ulikuwa wazi kwa kila mtu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usimshuku ndugu yako kabla hujajua habari ilivyotoka. Mwigizaji Sienna Miller aliieleza Tume ya Leveson, iliyochunguza mwenendo wa magazeti ya Uingereza, mwaka 2011 kwamba aliwashutumu jamaa na marafiki zake kwa kuuza siri zake, ilhali waliokuwa wakisikiliza ujumbe wake wa sauti ni watu wa gazeti la News of the World. Udukuzi wenyewe haukuhitaji utaalamu mkubwa, kwa kuwa watu wengi hawakuwahi kubadilisha namba ya siri waliyopewa na kampuni ya simu. Mmoja alipiga ili laini iwe na shughuli, na mwenzake akapiga ili apelekwe kwenye ujumbe uliohifadhiwa. Gazeti hilo lilifungwa Julai 2011, baada ya kufichuka kwamba lilisikiliza hata ujumbe ulioachwa kwenye simu ya Milly Dowler, msichana wa miaka 13 aliyetekwa na kuuawa mwaka 2002. Kila nikifikiria wazazi wale, napata uchungu upya.

Ushauri wa pili, ambao ndio mzito zaidi, ni kuandika tarehe. Andika siku mwandishi alipobisha hodi, alivyojitambulisha na mlivyomjibu. Piga picha ya ukurasa wa gazeti pamoja na anwani yake ya intaneti kabla haijabadilishwa. Muda unaua haki. Desemba 2023 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamuru wachapishaji wa gazeti la Mirror wamlipe Prince Harry pauni 140,600 kwa udukuzi wa simu na njia nyingine haramu za kupata habari zake, lakini katika hukumu hiyo hiyo walalamikaji wawili walishindwa kwa sababu walifungua madai yao baada ya muda kupita, ingawa jaji alikubali kwamba sehemu ya malalamiko yao ilikuwa ya kweli. Kwa kawaida madai ya kuingiliwa faragha huwa na ukomo wa miaka 6, na kwa aliyefichwa ukweli mjadala huwa ni lini alipaswa kujua.

Si lazima uanze na mahakama, ambayo gharama zake zinatisha. Magazeti mengi ya Uingereza yako chini ya IPSO, chombo kinachopokea malalamiko ndani ya miezi 4 tangu habari ilipochapishwa, au hadi miezi 12 ikiwa bado ipo kwenye tovuti ya gazeti. Waandishi wakikuganda mlangoni, unaweza kuwapigia simu IPSO saa yoyote, nao wakayatahadharisha magazeti kwamba hutaki kufuatwa. Mimi sikulijua hilo, na wageni wa msiba walipita katikati ya kamera kuja kutupa pole.

Tulilalamika IPSO mwezi wa saba tangu habari ilipochapishwa, ikiwa bado ipo kwenye tovuti, tukitaja kifungu cha kanuni za wahariri kinacholinda wafiwa na kile kinacholinda watoto. Gazeti liliondoa picha ya mtoto na kutuandikia barua ya kuomba radhi. Tarehe zote tulizoziweka kwenye malalamiko yale zilitoka katika daftari la mdogo wangu, yule yule niliyemshutumu, ambaye tangu siku ya kwanza alikuwa ameketi kimya jikoni akiandika.