Maswali na Majibu: Flopu Isipokupa Kitu

Barua nyingi za safari hii, kutoka Dodoma mjini na mikoa ya jirani, zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mchezaji wa poka ya mtandaoni ameongeza dau mwanzoni, kisha karata tatu za flopu, zile za kutumiwa na wote, zimefunuliwa mezani bila kumpa hata jozi. Afanye nini? Katika majibu yangu nimetumia shilingi ili hesabu ionekane wazi.

Nina ree na malkia. Flopu ni mfalme wa kopa, saba ya pau na mbili ya uru, na nimebaki na mpinzani mmoja. Niweke dau au nipite, yaani nibaki mchezoni bila kuweka kitu? (Msomaji, Nkuhungu)

Weka dau, tena dogo. Mwenye karata mbili zisizo jozi hupata jozi au zaidi kwenye flopu takribani mara 32 katika 100, na hesabu hiyo haichagui mtu. Ikiwa wewe umekosa, mwenzako naye aghalabu amekosa. Zaidi ya hapo, meza yenye mfalme mmoja na karata mbili ndogo zisizoungana humwelekea yule aliyeongeza dau, kwa sababu ndiye anayedhaniwa kushika karata kubwa. Fungu la mezani, yaani fedha zote zilizokwishawekwa, likiwa Sh 3,000 nawe ukaweka Sh 1,000, inatosha mpinzani atupe karata mara 1 kati ya 4 ili usipate hasara, na hapo sijahesabu ree inayoweza kukujia baadaye. Ukiweka Sh 3,000 nzima, itabidi atupe mara 1 kati ya 2, ilhali kwenye meza kavu kama hii, ambayo karata zake haziungani, karata nyingi ambazo angezitupa kwa dau kubwa angezitupa kwa dau dogo pia.

Mimi hukosa flopu tukiwa wanne mezani. Je, dau hilohilo linafaa? (Dada msomaji, Kikuyu)

Halifai, dada yangu. Tuchukulie kila mpinzani hutupa karata mara 60 katika 100: dhidi ya mmoja, dau lako lina nguvu, lakini wote watatu watatupa kwa pamoja takribani mara 22 tu katika 100. Pita, na mtu akiweka dau, achana na karata hizo bila kinyongo.

Shikamoo. Dau langu la kwanza limefuatwa. Je, niweke la pili karata ya nne inapofunuliwa? (Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma)

Marahaba. Swali lako ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa hapa ndipo wachezaji wengi wanapomwaga fedha, wakiweka dau la pili kwa sababu tu waliweka la kwanza.

Tuseme una ree na ghulamu, zote za shupaza, na flopu ni kumi ya shupaza, sita ya uru na tatu ya pau. Umeweka dau, mpinzani akafuata. Ikifunuliwa nne ya uru, hakuna kilichobadilika kwa faida yako: jozi ya kumi aliyokuwa nayo bado anaishika, na karata zinazoweza kukupa jozi iliyo juu ya hiyo ni 6 tu kati ya 46 usizoziona. Kwa kawaida hapo nashauri upite.

Sasa chukulia kwamba imefunuliwa mfalme wa shupaza. Hapo mambo mawili yamebadilika kwa pamoja. Kwanza, mwenye jozi ya kumi anatishika, maana mfalme ni karata ambayo wewe uliyeongeza dau mwanzoni unaweza kabisa kuwa nayo. Pili, shupaza 9 zilizobaki zinakupa karata tano za aina moja, na malkia 3 wasio wa shupaza wanakupa mfululizo kutoka kumi hadi ree, yaani karata 12 kati ya 46, zaidi kidogo ya mara 1 kati ya 4. (Malkia wa shupaza mwenyewe angekupa mkono mkubwa kuliko yote katika poka.) Dau la theluthi mbili za fungu ni sahihi hapo, kwa sababu hata akifuata hujabaki mikono mitupu.

Bando likikatika katikati ya mkono, yaani mzunguko mmoja wa mchezo, inakuwaje? (Msomaji, Manyoni)

Muda wako ukiisha, kwa kawaida programu hukupitisha kama hakuna dau mbele yako, na kama lipo, hutupa karata zako. Usianze dau la kutishia ukiwa na mtandao wa kusuasua.

Nikipoteza mikono kadhaa mfululizo, nihamie meza ya dau kubwa ili nirudishe? (Msomaji, Kondoa)

Hapana, usihamie. Karata hazikumbuki ulichopoteza, na kwenye meza kubwa utakutana na wapinzani wagumu zaidi ukiwa umekasirika. Funga programu. Cheza kwa fedha ambayo haina kazi nyingine nyumbani, na kama hujatimiza miaka 18, sheria ya Tanzania haikuruhusu kucheza.

Kwenye meza za dau dogo watu hufuata kila kitu. Je, hesabu zako zina maana huko? (Msomaji, Mpwapwa)

Zina maana, ila zinakupa jibu tofauti. Dau la nusu ya fungu linahitaji mpinzani atupe mara 1 kati ya 3. Ukishaona kwamba huyu hutupa kwa nadra kuliko hapo, acha kabisa kumtishia kwa karata tupu. Majukwaa mengi yana sehemu ya kuandika maelezo kuhusu mchezaji: kila karata zinapofunuliwa mwishoni, andika alifuata dau akiwa na nini. Mtu aliyefuata madau matatu akiwa na jozi ya tatu mkononi hatishiki, na kwake dau lako lisubiri siku utakayokuwa na jozi ya mfalme au ree, nalo liwe kubwa.