Jibu: Mama kapandikizwa konea, sasa jicho jekundu na linatoa tongotongo

Pole sana ndugu yangu, na mpe pole mama. Umeuliza kama mngoje kliniki ya wiki ijayo. Hapana, msingoje. Kutoka hapo Tukuyu pandeni gari leo hii mpaka Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, mseme mlangoni kabisa kwamba jicho limepandikizwa konea, yaani ile sehemu angavu ya mbele ya jicho.

Nalisema kwa uchungu. Dada yangu alipandikizwa, akaanza kuwashwa tukiwa tunapukuchua mahindi, tukasema ni vumbi. Tulikaa siku tatu. Kumbe uzi mmoja wa mshono ulikuwa umelegea, bakteria wakapata mlango. Tena yale matone ya steroidi, yanayozuia mwili usiikatae konea, ndiyo hayohayo yanayopunguza kinga ya jicho, kwa hiyo ugonjwa unaweza kwenda mbali kabla maumivu hayajawa makali.

Uwekundu, kuumizwa na mwanga na kuona ukungu vinaweza pia kuwa dalili za mwili kuikataa konea. Kwa macho yetu huwezi kutofautisha, na tiba zake hazifanani. Daktari ataangalia kwa mashine, pengine, akikuta kidonda kwenye konea, akwangue kidogo apeleke maabara, kisha aanzishe matone ya antibayotiki, mara nyingi kila saa, usiku na mchana.

Bebeni chupa zote za dawa anazotumia. Msiongeze wala kuacha steroidi wenyewe, msilifunge jicho, na tafadhali, dawa za majani zisiguse hapo.

Mkifika utuambie.